Akiba ya Elimu ya Mtoto: Uzito wa Miaka ya Mwanzo na Nafuu ya Kodi Iliyopo

Na Mwandishi Wetu

Kila mwezi Juni, Bunge linapojadili Muswada wa Sheria ya Fedha, macho ya wananchi wengi huelekea kwenye bei ya mafuta, ushuru wa bidhaa na kodi ya mishahara. Vipengele vinavyogusa riba, hatifungani na mifuko ya uwekezaji wa pamoja hupita kimya, kana kwamba ni habari za mabenki na matajiri peke yao. Kwa mzazi mwenye mtoto mchanga, hata hivyo, vipengele hivyo vina uzito mkubwa. Ndivyo vinavyoamua ni kiasi gani cha akiba yake ya miaka 18 kitabaki kwa mtoto na ni kiasi gani kitaishia kwenye kodi.

Makala haya yanachambua mambo matatu yanayokwenda pamoja: gharama za elimu zinazobaki mikononi mwa familia, faida ya kuanza kuweka akiba mapema, na nafuu ya kodi ambayo sheria za Tanzania tayari zinaitoa kwa anayejua mahali pa kuitafuta. Yanatazama pia uzoefu wa mataifa yaliyounda akaunti maalumu za elimu zenye msamaha wa kodi, pamoja na kasoro zake.

Mzigo uliotuliwa na mzigo uliobaki

Ni vyema kuanza na kile ambacho mzazi hahitaji tena kukiwekea akiba. Kupitia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, Serikali iliondoa ada katika shule za umma kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, utaratibu ulioanza kutekelezwa Januari 2016. Mwaka 2022 nafuu hiyo ilipanuliwa hadi kidato cha tano na cha sita. Kwa watoto wanaosoma shule za umma, mlango uliokuwa ukifungwa na ada sasa uko wazi kwa miaka yote ya msingi na sekondari.

Kuondolewa kwa ada hakukuondoa gharama zote. Sare, daftari, viatu, nauli, chakula na mahitaji ya bweni yamebaki kuwa wajibu wa familia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi kumpatia mtoto elimu na mwongozo, sambamba na chakula, malazi, mavazi na matibabu. Gharama hizi ni ndogo moja moja, lakini hudai fedha kwa mkupuo, hasa mwezi Januari shule zinapofunguliwa.

Gharama kubwa zaidi husubiri mbele, katika vyuo vya kati na vyuo vikuu. Hapo Serikali imeweka mkono wake kupitia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mkopo huo una masharti nafuu kuliko mkopo wa benki yoyote, hasa baada ya kufutwa mwaka 2021 kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha iliyokuwa ikiongezeka juu ya deni. Hata hivyo hutolewa kwa kuzingatia uhitaji. Wapo wanaopata sehemu tu, na wapo ambao kipato cha wazazi wao ni kikubwa mno kuhesabiwa wahitaji lakini ni kidogo mno kubeba chuo kwa mshahara wa mwezi. Familia za kundi hili la kati ndizo zinazoumia zaidi pale zinapofika mwaka wa chuo bila maandalizi.

Mkopo, ukiwa nafuu kiasi gani, ni deni. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka amalize. Kijana anayeanza kazi kwa mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa shilingi 120,000 kila mwezi, katika miaka ileile anayotafuta pa kuishi na kuanza familia. Kila shilingi ambayo mzazi ameiandaa mapema hupunguza kiasi cha kukopa, na hivyo hupunguza muda wa makato hayo.

Hesabu ya muda

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Katika akiba ya muda mrefu methali hiyo inahitaji nyongeza: haba iliyowekwa mapema hujaza zaidi ya haba iliyowekwa baadaye, hata kama zina ukubwa uleule. Sababu ni kwamba faida ya mwaka wa kwanza huzaa faida nyingine mwaka wa pili, na zote mbili huzaa tena mwaka wa tatu.

Tuchukue mfano wa mzazi anayeweka shilingi 30,000 kila mwezi, sawa na shilingi 1,000 kwa siku, tangu mwezi mtoto anapozaliwa hadi anapofikisha miaka 18. Tuchukulie pia kwamba uwekezaji unazaa asilimia 10 kwa mwaka na faida yote inaachwa ndani. Kiwango hicho ni cha kufanyia hesabu tu, wala si ahadi ya mfuko wowote. Kwa miaka 18 mzazi atakuwa ametoa mfukoni mwake shilingi milioni 6.48. Kilichomo kwenye akaunti kitakuwa takriban shilingi milioni 18.

Sasa tumtazame jirani yake, mwenye kipato kilekile, aliyeanza mtoto alipotimiza miaka tisa. Ameweka kwa nusu ya muda, na amechangia nusu ya fedha, yaani shilingi milioni 3.24. Mtu angetarajia apate nusu ya matokeo. Atapata takriban shilingi milioni 5.2, chini ya theluthi moja. Akitaka kumfikia mwenzake wa kwanza kwenye milioni 18, atalazimika kuweka zaidi ya shilingi 103,000 kila mwezi, na jumla ya alichotoa mfukoni itazidi shilingi milioni 11. Kuchelewa miaka tisa kumemgharimu karibu shilingi milioni 4.7 za ziada. Chelewa chelewa, walisema wahenga, utamkuta mwana si wako. Kwa akiba ya elimu methali hiyo ina tarakimu zake.

Uaminifu unatudai tuseme pia upande wa pili wa hesabu. Shilingi milioni 18 za miaka 18 ijayo hazitanunua kile zinachonunua leo. Mfumuko wa bei ukiwa wastani wa asilimia 4 kwa mwaka, fedha hizo zitakuwa na nguvu ya takriban shilingi milioni 8.9 za leo. Uwekezaji ukizaa asilimia 7 badala ya 10, akiba itafika takriban shilingi milioni 12.9, zenye thamani ya karibu milioni 6.4 za leo.

Je, kiasi hicho kinatosha nini? Kipimo kizuri ni posho ya chakula na malazi ambayo Serikali iliipandisha mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kwa wanafunzi wa elimu ya juu wanaopata mikopo. Tukihesabu siku 240 za masomo kwa mwaka, hiyo ni shilingi milioni 2.4 kwa mwaka, au milioni 7.2 kwa shahada ya miaka mitatu. Akiba ya shilingi 1,000 kwa siku, katika hali nzuri, inaweza kumlisha na kumlaza mwanafunzi kwa shahada nzima na kubakiza kiasi cha ada. Katika hali ya wastani, inabeba sehemu kubwa ya mahitaji hayo. Akiba hiyo haimalizi gharama zote, lakini inabadili kabisa kiasi ambacho familia italazimika kukopa.

Kodi ndogo, athari kubwa

Riba ya fedha zilizowekwa benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Mzazi wengi haioni, kwa kuwa benki huikata kabla ya kumwekea riba yake. Kwa akaunti ya miezi michache kiasi hicho hakisumbui. Kwa akiba ya miaka 18 hali ni tofauti.

Turudi kwenye mfano wetu. Iwapo faida ya asilimia 10 inakatwa kodi ya asilimia 10 kila inapopatikana, kinachobaki kukua ni asilimia 9. Mwishoni mwa miaka 18 mzazi yuleyule, kwa michango ileile, atakuta takriban shilingi milioni 16.1 badala ya milioni 18. Tofauti ni shilingi milioni 1.9. Faida yote ingekuwa shilingi milioni 11.5, kodi iliyoandikwa kuwa asilimia 10 imeondoka na karibu asilimia 17 yake. Inakuwaje? Kila shilingi iliyokatwa mwaka wa kwanza ilikuwa na miaka 17 ya kuzaa, na uzazi huo nao umepotea. Bandu bandu huisha gogo.

Hii ndiyo maana ya akaunti yenye nafuu ya kodi. Nafuu hiyo haimpi mzazi fedha mpya mkononi siku anayoweka akiba. Inaliacha gogo lisibanduliwe mpaka siku ya kulitumia.

Nafuu iliyopo katika sheria zetu

Tanzania haina akaunti ambayo msamaha wake wa kodi umefungwa kwenye elimu ya mtoto pekee. Ina, hata hivyo, misamaha ya jumla chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, ambayo mzazi anaweza kuitumia kwa lengo hilo bila kumuomba mtu ruhusa.

Njia ya kwanza ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Katika mifuko iliyoidhinishwa, faida anayoipata mwekezaji haitozwi kodi ya mapato mikononi mwake. UTT AMIS, taasisi ya Serikali iliyo chini ya Wizara ya Fedha, inaendesha mifuko kadhaa ya aina hii, ukiwemo Mfuko wa Watoto uliozinduliwa mwaka 2008. Mzazi, mlezi au ndugu hununua vipande kwa jina la mtoto aliye chini ya miaka 18. Kiwango cha kuanzia ni shilingi 10,000, na nyongeza huanzia shilingi 5,000. Mfuko una njia mbili: moja inaruhusu akiba kutumika kulipia ada mtoto akiwa masomoni, na nyingine inaiacha ikue hadi atakapokuwa mtu mzima. Fedha za mfuko huwekezwa katika hisa pamoja na hatifungani na amana, na thamani ya kipande hutangazwa ili kila mwekezaji ajue alichonacho.

Urahisi wa kiwango hicho usidharauliwe. Familia inayoweza kuweka shilingi 5,000 tu kwa mwezi, kwa hesabu ileile ya asilimia 10, ingefikisha takriban shilingi milioni 3 kutokana na michango ya shilingi milioni 1.08. Kwa thamani ya leo ni kama milioni 1.5, kiasi kinachoweza kumvusha kijana katika siku za kwanza za chuo, kabla mkopo haujaingia.

Njia ya pili ni hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa minada. Riba ya hatifungani za muda mrefu imesamehewa kodi ya zuio. Kiwango cha chini cha kununua ni shilingi milioni 1, hivyo njia hii inamfaa zaidi aliyekwisha kukusanya kiasi, aliyelipwa mafao, au wanandugu waliounganisha nguvu. Uzuri wake ni kwamba riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Mwenye hatifungani ya shilingi milioni 5 yenye riba ya asilimia 10 hupokea shilingi 250,000 kila baada ya miezi sita, huku mtaji wake ukimsubiri mwisho wa muda. Kiasi hichohicho kikiwa katika amana ya benki yenye riba ileile, angepokea shilingi 225,000 baada ya kodi. Mzazi anayenunua hatifungani ya miaka kumi mtoto akiwa darasa la pili anaweza kutumia riba kwa mahitaji ya shule na kuupokea mtaji kijana akielekea chuo.

Zipo pia hatifungani za kampuni na za halmashauri zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilizipa nazo msamaha wa kodi kwenye riba, ili zishindane kwa haki na zile za Serikali. Anayezitazama akumbuke kwamba usalama wake unategemea uwezo wa mtoaji.

Viwango vya riba havisimami mahali pamoja. Hatifungani ya miaka 25, iliyoanza kuuzwa mwaka 2021 ikiwa na riba ya asilimia 15.95, ilipunguziwa kiwango hadi asilimia 12.56 mwaka uliofuata kwa wanunuzi wapya. Aliyenunua mapema alibaki na kiwango chake. Misamaha ya kodi nayo huweza kuongezwa, kupunguzwa au kuwekewa masharti kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha. Kwa hiyo mzazi mwenye mpango wa miaka 18 anapaswa kufuatilia matangazo ya Juni, na kuuliza Mamlaka ya Mapato Tanzania au wakala wake kabla ya kununua.

Walivyofanya wengine

Mataifa kadhaa yamekwenda hatua moja mbele na kuunda akaunti za elimu zenye msamaha maalumu. Uzoefu wao una mafunzo kwetu, na si yote ya kuiga.

Marekani iliingiza katika sheria yake ya kodi, mwaka 1996, mpango unaojulikana kwa namba ya kifungu chake, 529. Mzazi huweka fedha ambazo tayari zimekatwa kodi. Faida hukua bila kodi, na tangu mabadiliko ya mwaka 2001 hutolewa bila kodi ya shirikisho iwapo inalipia gharama za elimu zinazotambuliwa. Akizitoa kwa jambo jingine, faida hutozwa kodi ya mapato pamoja na adhabu ya asilimia 10. Mpango ni mzuri kwa anayeutumia. Lakini Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya nchi hiyo ilibaini, katika ripoti ya mwaka 2012, kwamba familia chini ya asilimia 3 ndizo zilizokuwa na akaunti za namna hii, na kwamba rasilimali zao za kifedha zilikuwa takriban mara 25 ya zile za familia zisizokuwa nazo. Msamaha wa kodi humsaidia aliye na cha kuweka. Asiye na faida ya kutozwa kodi hana cha kusamehewa.

Kanada ilijaribu kuziba pengo hilo. Tangu mwaka 1998 Serikali huongeza asilimia 20 juu ya michango ya mzazi, hadi dola 500 kwa mwaka na dola 7,200 kwa maisha ya mtoto. Kwa familia zenye kipato kidogo ilianzishwa ruzuku nyingine inayofikia dola 2,000 kwa watoto waliozaliwa kuanzia mwaka 2004, ambayo haimdai mzazi kuchangia hata senti. Anachotakiwa ni kufungua akaunti na kuomba.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Kila mtoto aliyezaliwa kati ya Septemba 2002 na mwanzo wa Januari 2011 alistahili akaunti yenye fedha za kuanzia kutoka serikalini. Kwa miaka mingi ya mpango huo kiasi hicho kilikuwa pauni 250, na pauni 500 kwa familia maskini. Mpango ulisitishwa kwa watoto wapya wakati wa kubana matumizi, jambo linaloonesha kwamba ruzuku inayotegemea bajeti ya mwaka inaweza kukatwa bajeti ikibanwa. Somo chungu zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 2024 mamlaka ya mapato ya nchi hiyo ilitangaza kwamba vijana zaidi ya 670,000 waliokwisha kufikisha miaka 18 hawajachukua fedha zao, ambazo kwa wastani zilizidi pauni 2,200 kwa kila mmoja. Wengi wao hawakujua kwamba wana akaunti.

Watanzania waishio katika nchi hizo wanaweza kunufaika na mipango hiyo kwa watoto wao wenye sifa, ila wasome masharti ya mahali pa kusoma. Fedha za mpango wa 529, kwa mfano, hutambuliwa bila kodi kwa vyuo vilivyo katika orodha ya misaada ya wanafunzi ya shirikisho la Marekani. Familia inayotarajia mtoto arudi kusoma nyumbani ihakikishe kwanza.

Je, nasi tuwe na akaunti maalumu?

Hoja ya kuunda akaunti ya elimu yenye msamaha wake hapa nchini ina uzito. Ingewapa wazazi lengo lililo wazi, na ingewaongezea wawekezaji wa ndani katika soko la mitaji. Lakini uzoefu wa Marekani unaonya kwamba nafuu ya kodi peke yake huelekea juu kuliko chini. Fedha ambayo Serikali inaiacha kwa msamaha ni fedha ambayo ingejenga madarasa au kuongeza bajeti ya mikopo, na hizo humfikia hata mtoto wa mzazi asiye na akiba. Kwa nchi ambayo imeweka fedha zake kwanza katika elimu bila ada, mpangilio huo una mantiki. Iwapo siku moja akaunti hiyo itaundwa, mfano wa Kanada, wenye nyongeza kwa kipato cha chini, unastahili kutazamwa kuliko ule wa msamaha mtupu.

Wakati mjadala huo ukisubiri wakati wake, misamaha ya jumla iliyopo tayari inafanya kazi kubwa. Kinachokosekana mara nyingi ni taarifa na nyaraka.

Nyaraka, usalama na mpangilio

Hatua ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Bila hicho, kuthibitisha umri na jina la mtoto katika mfuko au benki ni vigumu, na miaka mingi baadaye Bodi ya Mikopo itakidai kikiwa kimehakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Watoto walio chini ya miaka mitano wamekuwa wakipewa cheti bila malipo katika mikoa iliyofikiwa na mpango wa usajili wa RITA. Majina yafanane katika cheti, shule na akaunti; herufi moja iliyokosewa leo inaweza kuchelewesha malipo siku ya uhitaji.

Hatua ya pili ni kuwa na mtu mwingine anayejua. Akiba iliyo kwa jina la mtoto humlinda iwapo mzazi atafariki au ndoa ikivunjika, lakini humlinda tu kama kuna mtu mzima mwingine anayejua ilipo. Namba ya akaunti na taarifa za uwekezaji zihifadhiwe pamoja na vyeti vya familia, na mtoto mwenyewe aelezwe anapokuwa na umri wa kuelewa. Hali ya vijana wa Uingereza si ya kurudiwa hapa.

Hatua ya tatu ni kulinganisha chombo na muda. Mahitaji ya Januari ijayo yasiwekwe kwenye hisa; akaunti ya kawaida, kikundi cha kuweka na kukopa au SACCOS iliyosajiliwa vinatosha. Vikundi vingi hugawana mwisho wa mwaka, jambo linalofaa kwa sare na daftari lakini haliwezi kubeba lengo la miaka 15. Kwa muda mrefu, mifuko ya pamoja na hatifungani vina nafasi yake. Mzazi ajue kwamba thamani ya kipande inaweza kushuka, na kwamba anayeuza hatifungani kabla ya muda wake anaweza kupata pungufu ya alicholipa. Chuo kikikaribia, akiba ihamishwe taratibu kutoka penye kupanda na kushuka kwenda penye utulivu.

Hatua ya nne ni kujihadhari na upatu unaovaa joho la uwekezaji. Yeyote anayeahidi kuzidisha fedha mara mbili kwa wiki chache, au anayelipa wa kwanza kwa fedha za wa mwisho, hana chombo cha elimu ya mtoto. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kuuliza kama mtu ana leseni hakugharimu kitu.

Ni haki pia kusema kwamba si kila familia inaweza kuanza leo. Mwenye deni la riba kubwa alipe kwanza, kwa kuwa hakuna mfuko unaozaa kuliko mkopo wa aina hiyo unavyokula. Asiye na akiba ya dharura wala bima ya afya aanze na hayo, vinginevyo ugonjwa mmoja utaichota akiba ya elimu yote. Akishafika hapo, kiasi kidogo kinatosha kufungua mlango. Kila mwaka kipato kinapopanda, mchango upandishwe nao walau kwa kiwango cha mfumuko wa bei, ili thamani yake isiliwe kimya kimya.

Mzazi aliyesoma hadi hapa anaweza kuanza wiki hii kwa mambo matatu: kukagua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kuuliza masharti na gharama za mfuko au hatifungani anayoiwazia, na kuamua kiasi ambacho hatakikosa hata katika mwezi mgumu. Kiasi hicho kikatwe mara tu kipato kinapoingia, kabla ya matumizi mengine. Mtoto aliye mgongoni leo ana miaka 18 mbele yake, na hakuna bajeti itakayoweza kumrudishia ile itakayopita bila akiba.